Pipa la Unga kwa Wino Mwekundu

Mama mkubwa wangu alikuwa mwenyeji hodari na msimulizi mbovu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote, na kwa sababu siku hizi mkono wake hauna tena nguvu ya kunirushia ndala.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Mama yangu alivuka ziwa kutoka Uvira kuja kuolewa, na dada yake mkubwa akabaki ng'ambo akiuza vitenge na kuongoza akina mama wa soko, mpaka vita vilipomtoa. Mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipopata nafasi ya kusoma London, yeye alikuwa ameshapewa makaratasi na fleti ya halmashauri ya mji huko Kingsbury. Kila asubuhi alipanda basi kwenda kuwaogesha na kuwalisha wazee wa Kiingereza, ambao walimwita mpenzi kwa sababu jina lake liliwashinda. Mtu aliyekuwa akiamua ugomvi wa soko zima sasa alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda kunywa chai. Jambo hilo lilimchoma, wala hakulificha.

Ndiyo maana alikitaka sana kile kiti cha kanisani. Kanisa letu la Wakongo lilikodi ukumbi wa shule kila Jumapili, na mwaka ule lilikuwa linatafuta kiongozi mpya wa akina mama. Kiongozi huyo hukaa mstari wa mbele, na mchungaji hapitishi jambo la harusi wala la msiba bila kumuuliza kwanza. Waliotajwa walikuwa wawili tu, mama mkubwa na Mama Shemasi.

Mama Shemasi naye alitoka Uvira. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye kusafisha ofisi za katikati ya mji tangu afike, na kanisani hakuwahi kuonekana akicheka. Hata tangazo la chakula cha pamoja alilisoma kama hakimu anayesoma hukumu. Kwa miaka mingi alikuwa msaidizi wa kiongozi aliyetangulia, akimshikia mkoba na kumkumbusha majina ya wagonjwa. Watu walijua zamu ilikuwa yake. Walijua pia kwamba mama mkubwa alipika vizuri zaidi, na tumbo nalo lina kura yake.

Mimi nilikuwa nasoma kitu ambacho watu waliponiuliza, nilikohoa kwanza. Nilisoma hadithi fupi za Kifaransa za mwisho wa zama za kati, pamoja na vitabu vya kuandikwa kwa mkono vilivyozihifadhi. Wageni walitegemea niseme unesi au uhasibu. Mama mkubwa, kwa kunionea huruma, aliwaambia watu kwamba nasoma sheria.

"Ni sheria ya zamani," alifafanua akibanwa.

Hakuwa amekosea sana. Hadithi zile zimejaa mahakimu, mapadri, wake na waume, na karibu kila mmoja anashikwa akiwa pabaya. Zilikusanywa zaidi ya miaka mia tano iliyopita katika nyumba za mabwana wakubwa, ambako wanaume wakishashiba walishindana kusimulia habari ya mke aliyemfungia mtu kwenye kasha, au ya padri aliyeingia chumba kisicho chake kwa bahati mbaya, mara ya tatu. Kila msimulizi aliapa kwamba ni kweli tupu, tena imetokea juzi, mji wa jirani. Mnakili aliziandika kwa mkono juu ya ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi, akiacha nafasi tupu juu ya kila hadithi. Nafasi ile ilijazwa baadaye kwa wino mwekundu: hadithi inahusu nini kwa ufupi, na nani aliyeisimulia. Na kwa miujiza ya Mungu, bwana mwenye nyumba alijikuta amesimulia nyingi, tena zile tamu.

Mwalimu wetu alikuwa bibi wa Kiingereza mwenye sweta lililotoboka viwiko. Siku moja alitupeleka maktaba kukiona kitabu cha namna hiyo kwa macho yetu. Tulinawa mikono, tukaachiwa penseli tu, kitabu kikalazwa juu ya mto kama mgonjwa, na kurasa zake zikashikiliwa na kamba nzito iliyovishwa kitambaa. Nilipoinama niliona vitundu vya vinyweleo vya mnyama katikati ya maneno. Mwalimu akatuonyesha mahali ambapo mnakili alikosea akakwangua kwa kisu. Wino unakaa juu ya ngozi, alisema, ndiyo maana neno linaweza kuondolewa na jingine likawekwa palepale.

Kisha akauliza kama tunaamini kwamba wale mabwana walizisimulia kweli zile hadithi, au kuna mtu aliwagawia tu kwa kuwa chakula kilikuwa chao. Wenzangu waliandika swali hilo kwa makini. Mimi nilicheka, nikakumbushwa kwa upole kwamba pale si mahali pa kucheka. Nilikuwa nimekumbuka jiko la Kingsbury.

Kila Jumamosi alasiri akina mama wa kanisa walikusanyika kwa mama mkubwa kusukana nywele na kunywa chai. Maandazi yalikuwa ya moto, unga na iliki vimetoka kwa Mgujarati wa Kingsbury Road, mzee aliyezaliwa Kisumu, ambaye alitugombeza kwa Kiswahili tukigusa embe bila kununua. Mlango ukishafungwa, midomo ilifunguka. Wale wale ambao kesho yake wangeimba mapambio wakiwa wamefumba macho, walisimulia mambo ambayo mpaka leo siwezi kumwambia mama yangu. Sheria ilikuwa moja tu, kwamba hadithi haitoki jikoni.

Na bingwa wao, nani angedhani, alikuwa Mama Shemasi. Hakutabasamu wala kupandisha sauti. Aliendelea kusuka, akadondosha sentensi mbili tatu, akanyamaza kutafuta kitana, na wenzake walikuwa wameshainamia meza wakishika mbavu. Mama mkubwa naye alijitahidi, lakini hadithi zake zote zilikuwa na mwisho mmoja. Mwanamume akosee lolote, mke anachukua mwiko na kumtandika, basi, hadithi imekwisha. Akina mama walicheka kwa adabu na kunyoosha mkono kuchukua andazi jingine.

Muhula wa pili mwalimu alitupa kazi ya mikono. Kila mmoja alitakiwa atengeneze kurasa chache kwa njia ya wale wa kale: ngozi, mistari ya kukwaruza, wino, na vichwa vyekundu. Hadithi zenyewe zitoke kwa watu wetu wenyewe, jinsi tulivyozisikia. Wenzangu walinunua ngozi iliyokwisha kutengenezwa, na bei yake niliposikia nilijifanya sijasikia. Lakini mimi nilikuwa na mtu ambaye wao hawakuwa naye. Nilikuwa na mpiga ngoma wa kanisa.

Alikuwa baba mmoja wa Bukavu, mpole, aliyewamba ngoma zetu zote kwa mkono wake. Nilipomweleza shida yangu alifikiri kidogo akasema, "Ngozi ni ngozi. Ya ngoma unaivuta ilie, ya kitabu tutaivuta inyamaze." Tukapanda basi hadi Southall, kwa muuza nyama aliyetupatia ngozi mbichi ya mbuzi iliyofungwa kwenye mifuko mitatu. Mifuko haikusaidia. Tulikaa ghorofa ya juu ya basi, na kituo baada ya kituo abiria walihamia chini wakiwa hawatutazami, maana Mwingereza hata akifa kwa harufu hasemi.

Ngozi ililazwa kwenye maji ya chokaa katika hodhi la bafuni. Jioni mama mkubwa alirudi kutoka kazini, miguu imevimba, akafungua mlango wa bafu akiwa na taulo begani.

"Umetoka Kigoma, ukapanda ndege," alisema polepole, "ukuje kuoshea mbuzi mu bafu yangu?"

"Ni ya masomo, mama mkubwa."

"Sheria," akasema, akaurudisha mlango.

Tukawa tunaogea ndoo jikoni, na mimi nikawa naingia bafuni mara kwa mara kumgeuza mbuzi kwa mti. Ndiyo kazi niliyokuwa nayo Jumamosi ile Mama Shemasi aliposimulia habari ya pipa. Niliacha mlango wazi kidogo nisikie.

Palikuwa na mfanyabiashara wa unga wa muhogo, alisema, si zamani, pale pale Uvira. Alisafiri sana, na mke wake alikuwa akifundishwa sala nyumbani na katekista. Sala zenyewe zilikuwa ndefu. Siku moja mume akarudi kabla ya siku yake. Katekista akaruka ndani ya pipa la unga, mke akaweka kifuniko. Mume, kwa uchovu, akaketi juu ya pipa, akaomba maji. Pipa likapiga chafya. Mume akayanywa maji yake yote, akarudisha kikombe, akasema, "Mke wangu, huu unga umekaa sana. Nauuza leo." Akaita vijana wenye mkokoteni, wakalisukuma pipa hadi nyumba ya katekista, akamwita mke wa katekista atoke aone unga mzuri. Yule mama akaja, akafungua kifuniko, akatazama ndani.

Hapo mti wangu ukateleza na mbuzi akanirushia chokaa ya uso mzima. Nilipomaliza kuyaosha macho, jikoni watu walikuwa wanalia kwa kicheko, na mama mmoja alikuwa anapiga ukuta kwa kiganja. Mwisho wa hadithi ulinipita.

Kumuuliza Mama Shemasi haikuwezekana. Nje ya jiko lile hakujua hadithi yoyote, na ningemuuliza angeniombea. Nikamuuliza mama mkubwa.

"Yule mke alimutoa kwa sikio," alisema bila kusita, "akamutandika mwiko mpaka unga wote ukaisha mwilini."

Nilishuku. Lakini mkubwa akisema umesikia, umesikia, nikauandika mwisho huo hivyo hivyo.

Mpiga ngoma alikwangua manyoya kwa kisu butu, akaiwamba ngozi kwenye fremu ya kitanda kikuukuu pale kwenye kibaraza. Ilikauka ikawa nyeupe yenye baka la kijivu, nzuri sana, ila mvua ikinyesha ilijikunja yenyewe kama mtu aliyesikia baridi. Niliikata na kuikunja, nikatoboa vitundu pembeni kwa sindano, nikachora mistari, nikaandika hadithi za Jumamosi kwa Kiswahili kwenye meza ya jikoni. Mwalimu ningempa tafsiri pembeni. Juu ya kila hadithi niliacha nafasi tupu.

Nafasi zile zilimsumbua mama mkubwa. Alidhani nimeishiwa maneno. Nikamweleza habari ya wino mwekundu, na ya mabwana wenye nyumba. Alisikiliza akiwa anakanda unga, na nikaona mikono inapunguza mwendo.

"Ule bwana alikuwa natoa chakula?"

"Ndiyo."

"Na kinywaji?"

"Na kinywaji pia."

"Basi wakamwandikia hadithi."

"Nyingi tu, mama mkubwa."

Akafuta mikono kwenye kitenge. "Hii nyumba, bwana wake ni nani?"

Nilijua tunakokwenda. Alianza na hadithi zake mwenyewe, za mwiko, akazipa ukurasa wa mbele. Akaongeza moja ya mama wa jirani ambaye alikuwa amehamia mji mwingine. Kisha akaweka kidole chenye unga juu ya hadithi ya pipa.

"Na hii."

"Mama mkubwa, hiyo ni ya Mama Shemasi."

"Ilisimuliwa kwa meza ya nani? Chai ilikuwa ya nani? Ule mwisho nani alikupatia?"

Mwisho ulikuwa wake kweli. Kwetu jina la mkubwa haliandikwi ovyo, kwa hiyo niliandika kwa wino mwekundu: hadithi ya pipa la unga, imesimuliwa na mama mwenye nyumba. Nikajiambia kwamba hakuna atakayeisoma isipokuwa bibi wa sweta. Nguo ya kuazima haisitiri matako, waliosema walisema, lakini siku ile mama mkubwa alivaa akageuka mbele ya kioo akapendeza. Alitembea jikoni akiimba.

Mwalimu alinirudishia kurasa zangu kwa furaha. Alivutiwa hasa na vichwa vyekundu. Aliniuliza kama wasimulizi ni wa kweli, nikamjibu kuwa ni wa kweli kama wale mabwana wa kale, naye akacheka kuliko alivyoruhusu maktabani.

Kisha mpiga ngoma akaniomba aazime ngozi yake amwonyeshe mke wake. Ningemnyimaje? Yeye hakusoma hata mstari. Alichoona ni kazi ya kisu chake, jinsi ilivyokuwa laini, jinsi isivyopasuka kwenye mkunjo. Alijivuna nayo wiki nzima. Jumapili akaibeba kanisani, na kabla ya ibada akamwekea mchungaji mikononi ili aipapase. Mchungaji akaipapasa, akaisifu. Na kwa kuwa ilikuwa na maandishi, akavaa miwani.

Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa ya kuchagua kiongozi wa akina mama.

Baada ya ibada viti vilipangwa nusu duara. Mama mkubwa na Mama Shemasi waliketi mbele, kila mmoja na kitenge chake kipya. Mchungaji alisimama akiwa ameshika mbuzi wangu. Nilipomwona hivyo, nilitafuta mlango kwa macho.

Alisema kuna jambo kabla ya kuchagua. Hakuisoma hadithi, alitusimulia kwa kifupi, na Mungu amsamehe, aliiua. Katekista akawa "mtu fulani." Sala zikaondolewa. Chafya akaipita kabisa. Akafika mwisho, kwamba yule mke akamtoa mumewe kwa sikio na kumtandika kwa mwiko, akashusha miwani.

"Hapa juu bameandika, imesimuliwa na mama mwenye nyumba." Ukumbi mzima ulijua mimi nakaa kwa nani. "Maman, hii hadithi ni yako?"

Mama mkubwa angeweza kujiokoa kwa neno moja. Angesema tu ni ya fulani, na ingekuwa kweli, na wote waliowahi kukaa jikoni mwake wangejua ni kweli. Alitazama mikono yake. Mimi nilikuwa nyuma yake na niliona shingo yake inavyotokwa jasho. Mama Shemasi alikaa wima, mkoba juu ya magoti, uso haumwambii mtu kitu. Kiti kilikuwa kinamjia chenyewe, naye hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza, kazi ambayo kanisani hakuna aliyemshinda.

"Ilisimuliwa kwangu, pasta," mama mkubwa akasema. "Kwa meza yangu. Basi ni yangu."

Nilikuwa nimemcheka kwa kutaka ubwana wa nyumba. Sasa alikuwa anaulipia, na nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Mchungaji akashusha pumzi. Akasema kwa huzuni kwamba basi jambo limeonekana lenyewe, na akageukia upande wa Mama Shemasi.

"Hakumupiga," Mama Shemasi akasema.

"Nani?"

"Ule mama. Hakumupiga."

Mchungaji akaangalia ngozi. "Hapa bameandika mwiko."

"Pasta, mwiko ilitoka wapi? Ule mama aliitwa inje, alitoka mikono mitupu." Sauti yake ilikuwa ile ile ya tangazo la chakula. "Alifungua kifuniko. Akaangalia. Akafunika. Akamwambia mwenye kuuza: huu unga ninaujua, nilishaonja, haufai ile bei. Rudisha."

Mpiga ngoma akaanza kucheka, akaangusha kijiti chake, na kutoka kwake kicheko kikapita kiti hadi kiti mpaka kwa akina mama wa jikoni, ambao walikuwa wamejizuia na sasa hawakuweza tena. Mchungaji alikohoa, akakohoa tena, mwishowe akajifunika uso kwa ngozi ya mbuzi.

"Unaijua namna gani?" aliuliza alipopata sauti.

"Sababu ni yangu. Mi njo nilisimulia, na chai ya huyu mama nilikunywa." Akaukaza mkoba magotini. "Sasa chagueni mwenye munataka."

Walimchagua mama wa tatu, mtu ambaye hakuwahi kuja Jumamosi wala kusimulia chochote, na kwa miaka aliyoongoza matangazo yalikuwa marefu mno. Mama Shemasi aliendelea kushika mkoba, safari hii wa huyo mwingine.

Tulirudi kwa basi moja. Wale wawili walikaa kiti kimoja bila kusemeshana, wakitazama mbele. Nilidhani urafiki umekwisha, na nilihuzunika kweli, maana mimi na mbuzi wangu ndio tuliowafikisha pale.

Jumamosi iliyofuata Mama Shemasi alikuja mapema, kabla ya wenzake. Alivua koti, akafungua mkoba, akatoa kisu kidogo cha jikoni kilichofungwa kwenye kitambaa, akakiweka mezani mbele yangu.

"Mupiga ngoma anasema ile ngozi inafutika."

"Inafutika, mama."

Nikamtazama mama mkubwa, ambaye alikuwa ameshika birika. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," akasema, ingawa hakuwa na furaha, akasogeza taa karibu nami.

Nilikwangua taratibu kama nilivyofundishwa. Wino mwekundu ulitoka kama vumbi, nikaupuliza. Mama mwenye nyumba akafifia, ila ukiinua ukurasa dirishani ulimwona bado yupo. Nikachukua kalamu.

"Niandike imesimuliwa na Mama Shemasi?"

"Hapana." Alifikiri. "Andika, imesimuliwa na mama mwenye kufunika pipa."

Mama mkubwa akaweka birika chini. Sote tulikuwa tumeicheka hadithi ile, tena kwa muda mrefu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza aliipata wapi.

"Ule katekista alikuwa bwana yangu," Mama Shemasi akasema. "Iliniuma. Mpaka leo inaniuma. Lakini nikiisimulia, bamama bakacheka, ile saa haiumi." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona macho yake yana maji. "Mwanangu, kumupiga kila mutu anaweza kumupiga. Kufunika ile pipa, njo kitu kimoja nilifanya siku ile bila kulia. Munisaidie, musikiondoe."

Niliandika alivyosema. Herufi zilienda upande, na ziko hivyo hadi leo.

Mama mkubwa alimmiminia chai, akaitia sukari mwenyewe, akaikoroga mwenyewe.

"Na alirudi?" akauliza.

"Alirudi magaribi, mweupe mwili mzima. Nilimukung'uta pale mulangoni. Unga ulijaa bakuli." Mama Shemasi akapuliza chai. "Nikamupikia nayo ugali."

"Akakula?"

"Alimaliza."

Mama mkubwa hakucheka. Akamsogezea sahani ya maandazi, akakichukua kile kisu mezani, akanirudishia mkononi.

"Futa na ule mwiko wangu pia," akaniambia.